Nani Alimfundisha Sekela Kusikia

Igawilo, Mbeya
3 Juni 1956

Kwa ndugu yangu Tusekile, Iringa.

Mimi Saulo Mwasomola nina miaka sabini na mmoja, labda na miwili, maana siku niliyozaliwa hapakuwa na mtu mwenye kalamu kijiji kizima. Wajerumani walinikuta mtoto, wakaondoka wakaniacha. Nimeipita vita ya kubeba mizigo, nimeipita homa ile ya mwaka wa kumi na nane, nimepita nzige, nimezika wake wawili na watoto wanne. Hata Mzungu wangu wa Makongolosi, aliyekuwa akiniambia nitakufa kabla yake, kaburi lake liko Chunya na mimi nimekwenda kulitazama kwa macho yangu. Kwa hiyo ninapokuandikia, usinisome haraka haraka kama barua ya mtoto.

Ugonile. Sisi hapa wazima. Goti la kushoto linauma asubuhi, mchana linasahau. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mwanangu Alinanuswe bado yuko migodini huko Kusini, ameleta salamu mara moja tu tangu Pasaka. Mkewe Tupokigwe yupo, analima kama wanaume wawili. Unajua desturi yetu ya mkwe: tangu aolewe, miaka kumi na sita, sijamwona uso naye hajauona wangu. Nikipita njiani anaingia kwenye migomba. Akiwa na neno kwangu, anamtuma mtoto wake Sekela. Sekela akiwa shule, basi anazungumza na kuku wake kwa sauti kubwa, nami niko upande wa pili wa ukuta nasikia. Nyumba ina heshima.

Sasa neno lenyewe. Eliezeri, mzee wa kanisa, amerudi kutoka Iringa kwenye mkutano. Akaja hapa, akanywa maziwa yangu, akaniambia, "Dada yako Tusekile anasema Kiingereza shuleni kwa wasichana. Wanakaa darasa zima wanamsikiliza."

Nikamwambia, "Labda anaimba."

"Haimbi, mzee. Anazungumza, na Miss, mwalimu wao, anacheka."

"Anamcheka."

"Hapana. Anacheka naye."

Ndugu yangu, niandikie haraka kwamba Eliezeri ni mwongo. Wewe ni mfuaji wa mashuka ya bwenini, kazi nzuri, sina neno nayo. Lakini sikio la Kiingereza katika ukoo huu ni langu. Nilikuwa nyapara machimboni Makongolosi miaka saba. Mzungu akifungua kinywa, kabla hajakifunga mimi nimeshafika. Hapa Igawilo wote wanajua. Sasa namfundisha Sekela mwenyewe, anamaliza darasa la nane mwaka huu, na atakapoingia kwenye kazi ya Wazungu watauliza nani alimfundisha huyu, na jina litatajwa.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
Saulo

—

Iringa
1 Julai 1956

Kaka yangu mpenzi Saulo,

Kamwene, kama wanavyosalimu huku kwa wakwe zangu. Barua yako imefika, nimeisoma jikoni nikacheka, nikaisoma tena sikucheka sana. Baridi ya Iringa mwaka huu ni kali, maji ya kufulia asubuhi yanakata vidole. Wifi zangu hawajambo. Kaburi la marehemu mume wangu Kalinga tumelijengea mawe, kazi imekwisha.

Eliezeri hakusema uongo. Ilikuwa hivi. Miss Hadlow, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa na santuri tatu za kusikilizia masomo. Msichana anafika bwenini, msichana yuko posta, msichana anaumwa jino. Zimepigwa mpaka zimekwaruzika, na wasichana wamezijua kwa moyo kama Baba Yetu. Akisoma mwenyewe mbele yao, wanamtazama midomo na mikono, wanabahatisha. Akiuficha uso, hawasikii kitu. Mimi nilikuwa yaya kwa Wazungu miaka tisa kabla ya kufua, na Kiingereza cha nyumbani kiliniingia bila kubisha hodi. Siku moja Miss akanisikia nikibishana naye juu ya sabuni. Akasema, njoo darasani.

Basi wananitundikia shuka kwenye kamba, nasimama nyuma yake, nami ni sauti tu. Leo mimi ni karani wa posta, kesho ni mama mwenye duka la viatu, keshokutwa ni msichana aliyepoteza daftari. Wasichana wanasikiliza, kisha wanaandika: nani alisema, alitaka nini, alijibiwaje. Ndiyo kazi yangu siku hizi, Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine nafua hilo hilo shuka.

Kaka, sikiliza jambo. Mwezi wa kwanza, tarehe kumi na nne, kuna usaili hapa wa kuchukua wasichana kumi wa kusomea ualimu. Kuandika watapimwa, lakini wengi wanaanguka kwenye kusikia: santuri inapigwa mara mbili, hairudiwi, unajibu. Sekela anaandika vizuri, nimeona barua zake. Nipe huyo mtoto likizo ya Septemba, majuma matatu tu, alale kwangu, asimame mbele ya shuka langu.

Nawe niambie, unamfundisha Kiingereza cha mambo gani?

Dada yako,
Tusekile

—

Igawilo
29 Septemba 1956

Tusekile,

Salamu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kahawa, na ndama aliharisha, na miwani yangu ilivunjika mguu. Posta nayo unaijua.

Umeona sasa Septemba imekwisha. Sekela hakuweza kuja. Barabara ina vumbi, mtoto ana kifua, na kuna kazi. Basi hayo yamepita.

Umeuliza namfundisha mambo gani. Namfundisha Kiingereza chenyewe. Asubuhi kabla ya shule nasimama uani nimevaa koti lile la kaki, nafunga mikono nyuma, napaza sauti: "Kamoni! Hariap! Bringi wota!" Na Sekela anakwenda mbio kuleta maji. "Digi hia!" anachimba. "Shatap!" ananyamaza. Hakosei hata mara moja. Majirani wanakuja kutazama, wanapiga makofi. Hilo ndilo kusikia, Tusekile. Neno likitoka, mwili uwe umeshajua. Siyo kusimama nyuma ya shuka na kujifanya muuza viatu! Tangu lini mtu mzima akajificha akaigiza watoto? Unataka Miss akupende, ndiyo maana.

Juzi mama yake alikuwa na kuku wake nyuma ya ukuta. Nikamsikia: "Kuku wangu, wewe una bahati, hakuna anayekuamrisha kwa lugha mbili. Mtoto wa watu atazeeka anachimba mashimo uani, na shangazi wa baba yake anamwita Iringa akasome." Nikakohoa ajue nimesikia. Akamwambia kuku, "Na bado kuna watu wanakohoa."

Kwa hiyo na huku nyumbani kwangu una watu wako. Nimeelewa. Eliezeri akija anakusifu, mwalimu Jailos wa shule ya misheni naye anauliza habari za shuka lako, kana kwamba shuka ni kitu. Miaka saba ya Makongolosi hakuna anayeiuliza tena. Sekela ni mjukuu wangu, nimemlea mimi. Mwenye kutaka mtoto wa kumfundisha angezaa wake akabaki nao.

Saulo

—

Iringa
4 Novemba 1956

Kaka Saulo,

Salamu. Mimi mzima. Mvua hazijaanza. Wifi yangu Apolonia amejifungua msichana.

Neno la mwisho la barua yako nimelisoma. Sitalijibu.

Majina ya usaili yanafungwa tarehe ishirini Desemba, na msichana afike mwenyewe kuandikishwa. Baada ya hapo hakuna mlango.

Nimefunga ndani ya bahasha karatasi nyingine, ina mazungumzo niliyoyaandika kwa Kiingereza na maswali matano. Mpe mwalimu Jailos. Asimame nyuma ya ukuta ayasome mara mbili, kama santuri. Wewe na Sekela mkae upande wa pili, kila mtu na kibao chake cha kuandikia, mjibu. Ukipata matatu katika matano, sitasema neno tena juu ya Sekela mpaka nife.

Tusekile

—

Igawilo
17 Desemba 1956

Ndugu yangu Tusekile,

Ugonile. Mvua imeshuka, mahindi yamefika kiunoni. Barua hii analeta Sekela kwa mkono wake, kwa hiyo unapoisoma yuko mbele yako. Mwambie avue viatu kwanza, ana tope.

Nitakueleza ilivyokuwa, na nitaeleza mimi, maana akieleza Jailos ataongeza.

Karatasi yako niliiweka chini ya godoro majuma matatu. Hilo nakiri. Sikuogopa. Niliona tu haina haraka. Jumamosi iliyopita Jailos akaja mwenyewe akasema, "Mzee, nimesikia una karatasi yangu." Nani alimwambia? Kuku, bila shaka.

Basi akaingia jikoni kwa Tupokigwe, sisi tukakaa uani kwenye vigoda, mimi nimevaa koti. Eliezeri naye akaja, na majirani kama kumi. Jailos akasoma. Msichana mgeni anafika bwenini, mama wa bweni anazungumza naye. Nikasikia sauti ya mkubwa na sauti ya mdogo, nikajua moja kwa moja mambo yako wapi. Unajua mimi naandika polepole, na nikiandika natamka. Nikaandika: msichana anagombezwa kwa kuchelewa. Ameamrishwa abebe kitanda kukipeleka dirishani. Afue mablanketi. Apige kengele. Asilale. Matano!

Jailos akatoka, akachukua vibao, akatazama changu, akatazama cha Sekela, akakuna kichwa. "Mzee, nyote wawili mmekosa yote matano. Tena makosa yenu yanafanana kama mayai ya kuku mmoja."

Nikamwambia, "Basi karatasi ndiyo ina makosa. Watu wawili hawawezi kukosa sawasawa."

Majirani wakakubali. Eliezeri hata akasema, "Hapo mzee ana neno." Nikaona nimeshinda, nikaanza kufungua vifungo vya koti.

Ndipo sauti ikatoka jikoni. "Kuku wangu, wewe si ulikuwepo jana mwalimu alipompima mtoto kwa karatasi nyingine ya namna hii? Hakukosa hata moja. Leo amemsikia babu akitamka majibu yake, akaandika ya babu. Angefanyaje? Amwaibishe mzee mbele ya watu kumi? Hata huko Iringa ataanguka hivi hivi, kama kutakuwa na mkubwa wa kumwonea haya."

Nikaviacha vifungo vya koti. Nikamtazama Sekela, anatazama miguu yake.

"Kweli?"

"Babu, tuingie ndani."

"Sema hapa hapa. Mama wa bweni alisema nini?"

Akasema kwa sauti ndogo. Kwamba mama wa bweni alimuuliza yule msichana kama safari ilikuwa njema. Akamwambia kitanda chako kipo karibu na dirisha. Upepo ukiwa mkali, njoo uchukue blanketi la pili. Kengele ya chakula utaisikia. Na leo usifanye kazi yoyote, pumzika, umetoka mbali.

"Hakumwamrisha kitu?"

"Hakumwamrisha, babu."

"Hata kimoja?"

"Babu, Kiingereza chako ni cha watu waliosimama. Hiki ni cha watu waliokaa. Kule kwako hakuna aliyekuuliza umelalaje."

Tusekile, nililipima neno hilo siku mbili. Miaka saba. Niliamka kabla ya yule mtu na kulala baada yake, nilimbeba mgongoni alipougua homa kutoka mtoni hadi barabarani. Nimejaribu kukumbuka swali hata moja aliloniuliza kwa Kiingereza, ambalo halikuwa "Wapi koleo?" Sikulipata.

Lakini usidhani umenishinda. Sikuandika haya ili ufurahi. Kesho nitakwenda stendi mwenyewe, goti linauma, nitamweka kwenye basi, nitamwambia dereva akisimama Nyololo asimwache mtoto ashuke ovyo. Nimempa blanketi langu zuri. Najua utamfundisha nyuma ya shuka lako na atapita, na watauliza nani alimfundisha, na litatajwa jina lako. Najua. Nimeliona hilo na bado nampandisha basi. Sasa niambie, kati yetu nani mkubwa?

Saulo

—

Iringa
20 Januari 1957

Kaka yangu Saulo,

Kamwene. Sekela alifika tarehe kumi na tisa jioni, nikamwandikisha kesho yake asubuhi karani akiwa anafunga daftari. Ana afya, anakula, amekuwa mrefu kuliko mimi.

Majuma matatu nilisimama nyuma ya shuka kwa ajili yake peke yake, hata Krismasi. Nilikuwa karani, nilikuwa muuguzi, nilikuwa mwanafunzi aliyeibiwa kalamu. Nilisema kwa hasira, kwa mafua, kwa haraka. Nilijitoa, kaka.

Siku ya usaili akaja bibi mkaguzi kutoka Dar es Salaam na gramafoni yake. Wasichana wote waliikodolea macho ile pembe kama vile itafungua kinywa. Sekela akageuka pembeni, akainamisha kichwa, akatazama chini. Mkaguzi akakasirika, akamuuliza Miss kama huyu amelala. Miss akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni, nikasema: kwao, neno zito linasikilizwa hivyo. Wakamwacha.

Amekuwa wa kwanza kati ya wote. Hajakosa.

Mkaguzi akamwita mbele. Nami nilikuwa nimevaa aproni yangu mpya, nimeipiga wanga, nitakuambia ukweli. Akamuuliza kwa Kiingereza, "Nani alikufundisha kusikia hivi?" Nikajiweka sawa mlangoni. Mtoto akajibu vizuri, bila kukwama: "Nyumbani kwa babu. Mama na babu hawaonani uso. Tangu nilipokuwa na miaka mitano nachukua neno la mama nampelekea babu, nachukua la babu nampelekea mama. Nikiacha neno moja njiani, nyumba nzima inanuna." Mkaguzi akacheka mpaka akavua miwani. Jina langu halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Nilirudi kwenye ufuaji, nikafua mashuka sita yaliyokuwa safi. Sikujua kwamba na mimi nina wivu kiasi hicho. Nilidhani ni ugonjwa wako peke yako. Sekela alinifuata, akashika upande wa pili wa shuka tukalikamua.

Sasa lile neno lako la Septemba. Wanangu niliowazika walikuwa wawili. Yule wa kwanza ulimbeba begani kutoka kanisani siku ya ubatizo, na ulimwimbia. Nakukumbusha hilo tu.

Dada yako,
Tusekile

—

Igawilo
10 Februari 1957

Dada yangu Tusekile,

Ugonile. Goti limepona kidogo. Ndama mzima.

Barua yako nimemsomea Eliezeri mara mbili, pale penye "nyumbani kwa babu" mara nne. Nimemsomea na Jailos. Nilikuwa nimejitayarisha kuisoma kanisani, kisha nikafika pale penye mwanao na wimbo, nikaikunja. Ule wimbo naukumbuka. Nilisema neno baya, ndugu yangu, la mtu aliyeona kiti chake kimekaliwa. Niliandika nikiwa na akili zangu, kwa hiyo siwezi kusema ni kalamu. Nisamehe. Sijamwandikia mtu neno hilo tangu nijue kuandika, nimelazimika kumuuliza Jailos linavyoanza.

Sekela alimjibu mkaguzi vizuri, lakini hukumuuliza jambo moja: neno litachukuliwa na nani sasa?

Tangu aondoke, nyumba hii imekuwa bubu. Juma la kwanza Tupokigwe alizungumza na kuku, nikasikia, lakini mimi nimjibu kwa nani? Mimi sina kuku wa kusema naye, ni mwanamume. Nilikaa bila chumvi siku nne. Yeye hakujua kama nimeishiwa chumvi, mimi sikujua kama anayo. Mtoto wa jirani tulijaribu kumtuma, akachukua neno la mbuzi akalifikisha la mkeka. Tulinuna siku mbili bila sababu yoyote.

Jumatatu ilikuja barua ya Sekela kwa mama yake. Mama yake hajui kusoma. Jailos alikuwa Rungwe. Ikaletwa, ikawekwa kwenye kigoda changu, na nikasikia nyuma ya ukuta mtu amesimama, hapumui. Hakumwambia kuku kitu.

Nikageuza kigoda, nikaupa ukuta mgongo, nikatazama migomba. Nikaisoma kwa sauti, polepole, na unajua mimi nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Kwamba amepewa kitanda karibu na dirisha. Kwamba kuna upepo lakini ana blanketi la babu. Kwamba Jumapili walikwenda mtoni kufua nawe. Nilipomaliza nikaikunja barua. Kisha sauti ikatoka, siyo kwa kuku: "Je, anasema amelalaje?"

Miaka kumi na sita, Tusekile. Desturi inataka nikohoe niondoke. Nikabaki nimekaa. Nikasema, nikitazama migomba, "Anasema analala vizuri, mama Sekela." Kisha nikaona nimeanza, basi nimalize, nikamuuliza, "Nawe umelalaje?"

Nikamsikia akisogea karibu na ukuta. Akasema, "Nimelala, baba."

Kila asubuhi sasa tunaulizana. Uso bado hatujaonana, wala hatutaonana, heshima iko pale pale. Ni maneno tu. Najua watu wa Igawilo watasema mzee Saulo amechakaa, amevunja desturi kwa uchovu. Ukisikia hivyo waambie si kweli, nilianza mimi, nikiwa na akili timamu na miwani yangu machoni. Eliezeri anashuhudia, alikuwa mlangoni anakuja kunywa maziwa, akasimama na kofia mkononi mpaka tulipomaliza. Kama humwamini Eliezeri kwa sababu anapenda maziwa, muulize Tupokigwe mwenyewe utakapokuja Pasaka. Atakwambia nani aliuliza kwanza.

Kaka yako,
Saulo Mwasomola